Usafiri wa watu wenye ulemavu vijijini Mtwara na Lindi: vyombo vipo, tatizo ni kupanga

Watu wengi ukiwatajia usafiri wa watu wenye ulemavu kijijini wanawaza mfadhili aje na gari jipya lenye nembo mlangoni, mkuu wa wilaya akate utepe, picha zipigwe. Ukilisubiri hilo gari utasubiri sana, na hata likija, siku tairi zikiisha linapandishwa kwenye mawe pale nyuma ya ofisi na kuku wanataga chini yake. Pita Kitangari, pita Mahuta, nenda Ruangwa au Nachingwea, bodaboda zimejaa vijiweni, bajaji zipo, mchomoko, zile gari ndogo za abiria, zinapita asubuhi na jioni, toyo za mizigo, zile pikipiki za matairi matatu, ndo usiseme. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye simu na daftari anayejua nani anataka kwenda wapi lini, dereva gani anaaminika, na bei waliyokubaliana kabla ya safari. Hiyo kazi ya kupanga ndo nataka kuielezea hapa, maana ukiijua unaweza kuianza wiki ijayo bila kuomba kitu kwa mtu.

Kwanza nani apange. Usimpe mtendaji wa kijiji, sio kwamba hafai, ila anahamishwa, na akihamishwa daftari linaondoka nae au linapotelea kabatini. Bora mtu wa hapohapo asiyesafiri ovyo, na akiwa mwenyewe ana ulemavu au ni mzazi wa mtoto mwenye ulemavu ni bora zaidi, kwa sababu hatauliza maswali ya kijinga kama "kwani lazima aende?" Kijijini kwenu inawezekana tayari kuna kamati ya watu wenye ulemavu, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inazitaja hizo kamati kuanzia ngazi ya kijiji, sehemu nyingi ipo kwenye karatasi tu lakini hata ya karatasi inakusaidia, unaifufua na kuipa kazi hii. Uliza pia kama kuna wanachama wa CHAWATA (chama cha walemavu), CHAVITA (chama cha viziwi) au chama cha wasioona wilayani kwenu, wale wanawajua watu ambao hata mwenyekiti wa kitongoji hawajui. Huyo mpangaji mpeni vocha kila mwezi. Msimwambie ajitolee, mtu akipiga simu kwa hela yake mwezi wa tatu anachoka.

Daftari sasa. Zunguka na mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nyumba kwa nyumba, usiite mkutano ukasema wenye ulemavu wajitokeze wajiandikishe, watakuja wale wanaoweza kutembea na wale ambao kweli wanahitaji usafiri watabaki ndani. Ukifika, shikamoo kwanza, kaa chini, eleza unachotaka, halafu ongea na mwenyewe na sio na ndugu aliyesimama pembeni yake. Muombe ridhaa ya kumuandika, na mwambie nani ataliona hilo daftari, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na hata isingekuwepo ni adabu tu. Majina ya magonjwa usiandike kabisa, dereva hayamhusu. Andika mwili unafanya nini na hauwezi nini. Mfano ukurasa mmoja unaweza kuwa hivi: Bibi, kitongoji cha Sokoni, mkono na mguu wa kushoto havina nguvu, anakaa mwenyewe akiegemea, anapandia upande wa kulia, kiti mwendo hakikunjiki, chombo kinafika mpaka kwenye mwembe halafu hatua kama thelathini za mchanga, anasindikizwa na mjukuu, kliniki ya mazoezi Alhamisi, simu ipigwe kwa jirani kwa sababu ya kwake haina chaji mara nyingi.

Hiyo ya "chombo kinafika mpaka wapi" usiidharau. Huku uwanda wa Makonde mchanga ni mwingi, bajaji ikiingia kwenye kichochoro cha mikorosho inakwama na abiria ndani, mnaanza kusukuma, na mtu ambaye hawezi kujishika anatikiswa tu huko ndani. Nenda ukaangalie kwa macho yako. Kama hatua thelathini haziendeki, andika majina ya vijana wawili wa jirani watakaokuja kusaidia kumbeba, na andika kama mwenyewe amekubali kubebwa na hao, maana mama mtu mzima anaweza asitake kabisa kushikwa na kijana wa kiume na ana haki yake.

Kwa kiziwi andika "meseji tu, usipige", ukipiga anaona simu inatetemeka tu. Asiyeona andika kwamba dereva akifika ajitaje jina lake na neno mlilokubaliana, sio kupiga honi mlangoni na kunyamaza. Mwenye kifafa andika "hapandi bodaboda" na upigie mstari, akipata degedege juu ya pikipiki inayokwenda ni hatari kwake na kwa dereva. Mwenye ualbino safari zake zipangwe alfajiri au jioni ikiwezekana, akae upande wenye kivuli, kofia na nguo ya mikono mirefu, na apande na dereva anayejulikana kwa jina mpaka nyumbani kwake.

Vyombo tuongee ukweli. Bodaboda inafika kila mahali na bei yake ni ndogo, ila inamfaa anayeweza kukaa wima na kujishika kwa mikono miwili, basi. Ile tabia ya kumbana mgonjwa katikati, dereva mbele na ndugu nyuma, inaonekana kama msaada lakini mtu asiye na hisia miguuni, mathalani aliyeumia uti wa mgongo au aliyewahi kuugua ukoma, mguu wake unagusa ekzosi na unaungua mpaka nyama bila yeye kujua, mnagundua nyumbani wakati wa kuoga. Kama hamna njia nyingine kabisa miguu ifungwe vizuri kwenye sehemu ya kukanyagia, avae viatu na suruali nzito, na ikaguliwe mkifika. Bajaji ndo chombo cha kwanza kwa wengi, iko chini, ina paa, msindikizaji anakaa pembeni, kiti kinachokunjika kinafungwa nyuma kwa mpira. Kiti kisichokunjika, hasa vile vikubwa vya magurudumu matatu, kinapakiwa kwenye toyo au boda inayofuata nyuma, mtu mwenyewe anakaa kwenye bajaji. Nasema hivi kwa sababu watu wanapenda njia ya mkato, wanampandisha mtu na kiti chake juu ya toyo na kufunga kamba, kama gunia la korosho linaloenda ghalani. Toyo haina mkanda wala kingo ya maana, kwenye mteremko kama ule wa kushuka kutoka Newala breki zikigoma hamna kitakachomshika. Mchomoko na Noah zinafaa safari ndefu, sharti ni moja, mkubaliane idadi ya abiria kabla, la sivyo utaambiwa kaa hivyohivyo na mtu mwenye miguu isiyokunjika anabanwa na watu wanne.

Ukishajua watu wako nenda kijiweni. Usianze na dereva mmoja mmoja, anza na mwenyekiti wa kijiwe, mwambie unataka madereva watatu tu, wasiokunywa, wanaojibu simu alfajiri. Watatu kwa sababu mmoja atakuwa na abiria na mwingine atakuwa kwa fundi. Halafu kaeni mpange bei kwa kitongoji, iandikwe, isainiwe, kila mmoja abaki na nakala. Bei ihesabu vitu ambavyo kawaida vinaleta ugomvi baadaye: muda wa kusubiri hospitali, kurudi, na kusaidia kupandisha na kushusha. Mtu wa kiti mwendo hachajiwi kiti kama mzigo, hilo liwe sharti la kwanza na asiyekubali asiingie kwenye orodha. Na msiwabane madereva mpaka wakimbie, wengi wao pikipiki ni ya bosi na jioni wanapeleka hesabu, dereva akikaa hospitali mpaka saa tisa bila malipo ya kusubiri hesabu haitimii na kesho simu yako hapokei. Mafuta nayo yanapanda na kushuka, EWURA, wale wa kudhibiti bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi mkubaliane kwamba bei ya safari inaangaliwa upya baada ya tangazo hilo tu na sio njiani abiria akiwa ameshapanda.

Kabla hawajabeba mtu wafundishwe, nusu saa inatosha, hapohapo kijiweni. Muite mtu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali ya karibu, iwe Ndanda, Nyangao, Mkomaindo, Sokoine au Ligula, akishindwa basi mzazi mzoefu anajua vizuri tu. Muulize kwanza mwenyewe anavyopenda kusaidiwa. Kiti kisogeze kiwe sambamba na bajaji, funga breki zote mbili, kunja sehemu ya miguu. Mwenye upande dhaifu apande akielekea upande wake wenye nguvu. Wa kubeba wabebe wawili, mmoja nyuma amepitisha mikono chini ya makwapa na kushika mikono ya abiria iliyokunjwa kifuani, mwingine chini ya mapaja karibu na magoti, mhesabu pamoja moja mbili tatu. Usimvute mtu mkono, bega linachomoka, hasa mkono uliopooza. Mwenye mfuko wa mkojo, mfuko ukae chini ya kiuno muda wote na mrija usikunjike wala kukaliwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeanguka mbele apakatwe na msindikizaji kwenye kiti cha nyuma, kanga ipite kifuani na chini ya makwapa, isipite shingoni kabisa. Magongo na fimbo nyeupe vikae mkononi mwa mwenyewe, vikiwekwa juu ya paa ni kumnyang'anya miguu na macho. Asiyeona usimsukume mbele yako, mpe kiwiko akishike, mwambie "tunapanda, hatua moja, kiti kipo mkono wako wa kulia".

Sasa ratiba, na hapa ndo akili ya mpangaji inaonekana. Kliniki nyingi zina siku zake, pigia hospitali au muombe mhudumu wa zahanati aulize, andika ukutani kabisa: mazoezi siku fulani, akili na kifafa siku fulani, macho siku fulani. Halafu unganisha watu wa njia moja siku moja ili nauli igawanywe. Ila ukiunganisha watatu usiwapakie kwa kufuata nyumba ilipo tu. Anayeumia akikaa muda mrefu, mwenye vidonda vya kukaa au asiye na hisia makalioni, huyo anachukuliwa wa mwisho asubuhi na kushushwa wa kwanza jioni, hata kama bajaji inalazimika kurudi nyuma kidogo. Akae juu ya mto au godoro dogo, na kila mkisimama ajiinue au ainuliwe kidogo mwili upumue. Msindikizaji mmoja anaweza kuhudumia abiria wawili kama mahitaji yao hayagongani, na hapo umeokoa nafasi.

Jioni ya kuamkia safari unapiga simu mbili, moja kwa dereva na moja kwa abiria, hata kama mlishaongea asubuhi. Kitu kama:

"Dogo, kesho saa kumi na moja na nusu bado ipo?"
"Ipo mama, nshaweka mafuta."
"Unaanzia kwa mzee wa Mnazi Mmoja, bibi wa Sokoni wa mwisho. Mpira wa kufungia kiti unao?"
"Wa jana umekatika, naazima kwa mshkaji."
"Azima sasa hivi, sio kesho."

Simu ya dakika moja hiyo, lakini bila hiyo mpira ungekumbukwa saa kumi na moja na nusu gizani.

Na tusiishie kwenye hospitali. Mtu mwenye ulemavu ana siku ya malipo ya TASAF, ana shule, ana mnada wa korosho wa chama chake cha msingi, ana msiba, ana Ijumaa na Jumapili, ana mkutano wa kijiji ambako wanajadili mambo yake bila yeye. Ratiba ikiwa ya hospitali peke yake maana yake mnamtoa nje akiugua tu, mi hiyo siipendi kabisa.

Safari ya Dar ina mambo yake. Kutoka Mtwara ni kama kilomita 560, ni kukaa siku nzima. Mpangaji aende stendi siku moja kabla aongee na wakala na konda uso kwa uso: siti za mbele mbili, kiti mwendo kwenye buti kilazwe cha mwisho ili kishushwe cha kwanza, na basi lisimame sehemu yenye choo kinachofikika. Hilo la choo wengi wanaona aibu kulisema, matokeo yake abiria anaacha kunywa maji tangu jana yake ili asisumbue, anafika anaumwa. Liseme wewe kwa niaba yake akiwa amekubali.

Msimu. Huku kwetu hela na shida haviji mwezi mmoja. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba korosho zinauzwa, hela ipo, lakini boda na toyo zote zinabeba magunia na bei ya kukodi inapanda, dereva wako wa jana anakwambia "mama leo niko na mzigo". Halafu mvua zikishika mpaka Aprili barabara zinakatika na mifuko ni mitupu. Kwa hiyo mambo mawili yafanyike mapema. Mkae na madereva kabla minada haijafunguliwa, kila mmoja achague siku moja ya wiki ambayo habebi korosho, ni ya abiria wenu, na siku hiyo mumlipe kitu juu kidogo. Na mfuko wa kijiji uchangwe wakati huohuo watu wanapolipwa korosho, au ufuta kwa wenzetu wa Lindi, upitishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kiasi kidogo tu kila kaya, msikate kimyakimya kwenye malipo ya mkulima, hapo mtaanzisha vita. Kabla ya mvua pia wenye dawa za kudumu, hasa kifafa, waombe hospitali wapewe za muda mrefu kidogo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika kule Kilwa, magari yakalala njiani, na mtu wa kifafa hakai siku kadhaa bila dawa.

Hela zikishapatikana mlipeni dereva kwa simu baada ya safari kuisha, mkiongeza ya kutolea, meseji ya muamala ndo risiti, mpangaji anaandika tarehe na njia. Anayeshika hela asiwe yuleyule anayepanga safari. Kila mwezi daftari lisomwe mbele ya watu wa kamati, safari na kiasi tu, bila kutaja nani alienda kutibiwa nini.

Wengi wataniuliza kuhusu kununua bajaji yenu wenyewe kwa ule mkopo wa halmashauri. Ni kweli asilimia 10 ya mapato ya ndani inatengwa, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii akupe masharti ya sasa. Ila ule ni mkopo sio zawadi. Bajaji itakayobeba watu wenye ulemavu peke yao kwa bei nafuu hairejeshi, lazima siku nyingine ikimbize abiria wa kawaida mjini Masasi au Lindi, ina bima, ina leseni ya usafirishaji ya LATRA, ina tairi na oili, na inataka dereva mwenye leseni asiyewaibia. Mi ushauri wangu mfanye mwaka mmoja na madereva wa kijiweni kwanza, daftari litawaonyesha safari ngapi kwa mwezi, hapo ndo mtajua bajaji yenu itakula au itafunga.

Dharura ni habari nyingine, msiichanganye na ratiba. Mjamzito mwenye ulemavu au aliyejifungua mtoto anapata usafiri wa dharura wa m-mama, ule mpango wa serikali wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga, kwa kupiga 115 bure, ni haki yake kama mama mwingine yeyote, na mpangaji awaambie mapema zahanati kwamba huyu mama atahitaji gari na sio boda. Kwa wengine, kati ya wale madereva watatu mmoja awe zamu ya usiku kwa wiki, simu yake iandikwe kwa maandishi makubwa mlangoni kwa kila mtu aliye kwenye daftari.

Usalama wa mabinti na watoto usiuonee haya kuujadili. Mtoto au binti mwenye ulemavu wa akili hapandi peke yake na dereva, hata awe mjomba wake. Msindikizaji anatuma meseji ya "tumefika" na "tumerudi", isipokuja kwa muda mliokubaliana mpangaji anapiga, halafu anaenda. Kukiwa na tukio ni dawati la jinsia polisi, na kwa mtoto namba 116 ni bure. Dereva aliyelalamikiwa anaondolewa kwenye orodha siku hiyohiyo mpaka ijulikane, kijiwe kikinuna kinune.

Grupu la wasapu fungueni kwa ajili ya madereva na kamati tu, abiria wengi wana vitochi na wengine mtandao mpaka wapande kichuguu, kwao ni simu na meseji ya kawaida. Na mpangaji akisafiri au akiugua, daftari linabaki kwa msaidizi wake kijijini, pamoja na laini ya simu ileile ambayo watu wameizoea, kwa hiyo hiyo laini isisajiliwe kwa jina la mtu ambaye kesho atahamia Dar.